Kilo za mafuta na kilo za misuli: ukadirie vipi dozi ya homoni ya tiroidi?

Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, alitolewa tezi ya tiroidi yote. Rovu lilikuwa limeanza kumkaba pumzi usiku. Siku aliyotoka hospitalini alipewa ordonansi ya levotiroksini, kidonge cha homoni ya tiroidi, mikrogramu 150 kwa siku, na pembeni mtu alikuwa ameandika hesabu kwa kalamu: 96 × 1.6. Wiki ya tano akanipigia simu saa saba za usiku. "Mdogo wangu, moyo unanikimbia kama vile ninapanda mlima wa Kadutu na mzigo, na niko kitandani." Wiki ya sita tukampima TSH, ile homoni ya kichwani inayoisukuma tezi, ambayo hushuka dawa ikizidi na kupanda ikipungua. Ikatoka 0.08. Dawa ilikuwa imemzidi.

Hesabu yenyewe, kilo zake mara mikrogramu 1.6 kwa kila kilo, ilikuwa sawa. Ukizidisha 96 kwa 1.6 unapata 153.6, na 150 ndiyo ya karibu. Ila katika zile kilo 96 za yaya, si zote zinazokula dawa.

Mimi nauza dawa katika farmasia ndogo hapa Bukavu, na swali hili huletwa kwenye kaunta mara kwa mara, hata kama wateja hawaliulizi hivyo. Wao husema: "Jirani yangu ana kilo kama zangu, mbona yeye anakunywa 100 na mimi 125?" Au: "Nimenenepa, niongeze?" Kwa hiyo nimeweka kando kwa kando njia nne ambazo waganga hutumia kukadiria dozi ya kuanzia, na ya tano ambayo haihitaji kikokotoo. Nitasema pia ipi naiamini kwa mwili upi. Dozi huandikwa na dokta, hilo halibadiliki. Lakini mgonjwa anayeingia kwa dokta akiwa na urefu wake, uzito wake na swali lililo wazi hutoka na jibu bora kuliko aliyekwenda mikono mitupu.

Kinachokula dawa mwilini

Ndani ya kidonge mna homoni ya T4. Hiyo ni kama unga ambao bado haujasongwa kuwa bugali: mwili huiondolea chembe moja ya iodini ndipo iwe T3, na T3 ndiyo inayofanya kazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kwenye ini, figo na misuli. Mafuta huchangia kidogo. Ndiyo sababu mwenye kilo 20 za mafuta ya ziada huhitaji dawa kidogo zaidi, lakini nyongeza hiyo haifiki ile ambayo kilo 20 za mwili wa kawaida zingehitaji. Nasema "kidogo zaidi" makusudi, kwa kuwa mtu mnene hana mafuta tu. Ana misuli zaidi ya kubebea ule uzito, na viungo vya ndani navyo hukua.

Mwaka 2005 watafiti wa Pisa, Italia, wakiongozwa na Santini, walipima wagonjwa wao kwa mashine inayotenganisha mafuta na sehemu nyingine za mwili. Waliona kwamba dozi hufuata zaidi uzito bila mafuta kuliko uzito mzima wa mizani. Wanene walihitaji mikrogramu chache kwa kila kilo ya mizani, lakini ulipohesabu kilo zisizo mafuta peke yake, tofauti kubwa ilipungua.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa macho, simama asubuhi karibu na soko la Kadutu. Utawaona akina mama wabeba mizigo, kamba imepita kwenye paji la uso, gunia la makala (makaa) au la unga mgongoni, miguu inapanda mteremko ambao mimi nikiupanda mikono mitupu natweta. Mashavu ya miguu yao ni magumu kama mti. Hatua kumi kutoka hapo ameketi mama wa vitenge, ambaye tangu alfajiri hajasimama zaidi ya mara tatu. Niliwahi kuwapima wawili wa namna hiyo siku moja: wote kilo 70, wote urefu wa sentimita 158 au karibu na hapo. Mizani yangu iliwaona kuwa mtu mmoja.

Njia ya kwanza: uzito wa mizani mara 1.6

Hii ndiyo iliyoandikwa pembeni ya ordonansi ya yaya, na ndiyo inayotumika zaidi duniani. Inafanya kazi vizuri kwa mtu mwenye mwili wa wastani. Mama wa kilo 57 na sentimita 158 anapata mikrogramu 91, na ukimwanzishia 100 au 87.5 hutakuwa mbali.

Ina sharti ambalo watu hulisahau: ni ya mtu asiye na tezi kabisa, au ambaye tezi yake imekufa. Hapa kwetu sharti hilo lina uzito. Mkoa wetu una historia ndefu na rovu. Kisiwa cha Idjwi kilichunguzwa tangu miaka ya 1960 na watafiti wa kituo cha Lwiro, na walikuta jambo la ajabu: iodini ilikuwa chache kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Tofauti hiyo waliihusisha na muhogo, ambao una kitu kinachoizuia tezi kuchukua iodini. Mtu mwenye rovu la namna hiyo mara nyingi bado ana tezi inayofanya kazi, na aliyetolewa upande mmoja tu anao upande wa pili. Ukimpigia 1.6 unaongeza maji kwenye ndoo iliyokwisha kujaa nusu.

Kasoro yake kwa mnene ni ile ya yaya: inazidisha.

Njia ya pili: uzito unaotakiwa kwa urefu wako

Baadhi ya waganga, wakiogopa kuzidisha, huacha mizani na kutumia uzito ambao mtu wa urefu huo "angepaswa" kuwa nao. Kanuni inayotumika zaidi ni ya Devine ya mwaka 1974: kwa mwanamke ni 45.5, ongeza 0.91 kwa kila sentimita iliyozidi 152.4. Kwa mwanaume unaanza na 50 badala ya 45.5. Kanuni hiyo ilizaliwa kwa ajili ya jentamisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, haikuwa na habari na tiroidi. Imezoeleka tu.

Yaya, mwenye urefu wa sentimita 158, kwa njia hii ana kilo 50.6, na mara 1.6 ni mikrogramu 81. Kwa maneno mengine, dawa inamhesabu kana kwamba kilo zake 45 hazipo. Hiyo nayo si kweli. Angekaa kwenye 75 kwa miezi miwili huku uso umevimba, choo kigumu, usingizi wa mchana haukatiki.

Sipendi njia hii kwa tiroidi. Faida yake moja ni kwamba kwa mnene inakosea kwa upande wa chini, na kupungukiwa kwa wiki chache hakumtishi mtu kama moyo unaodunda ovyo. Mganga mwenye wasiwasi na moyo wa mgonjwa anaweza kuichukua kwa sababu hiyo, nami sitambishia.

Njia ya tatu: kupunguza kiwango kadiri IMC inavyopanda

IMC, ndiyo BMI ya Kiingereza, wengi wanaijua: gawa kilo kwa urefu wa mita, kisha gawa tena kwa urefu huohuo. Yaya ana 38.5. Mwaka 2013 madaktari wa upasuaji wa Wisconsin, Marekani, walitoa kanuni kwa ajili ya waliotolewa tezi yote. Badala ya 1.6 kwa kila mtu, unachukua 2.13 na kutoa 0.018 mara IMC. Jibu ndilo unalozidisha kwa kilo za mizani. Mwembamba mwenye IMC ya 20 anapata 1.77 kwa kilo, mwenye 30 anapata 1.59, yaya anapata 1.44. Kwa hiyo yaya: 138.

Ninachokipenda ni kwamba inahitaji vitu viwili ambavyo hata zahanati ya mbali inavyo, mizani na futi ya fundi cherehani. Inakiri pia kwamba kilo ya mnene si sawa na kilo ya mwembamba. Ila IMC ni mizani ileile iliyovaa koti. Haimjui mbeba makala wala mama wa vitenge. Wote wawili wana 28, wote wanaambiwa 114.

Njia ya nne: uzito bila mafuta

Kwa akili ya kawaida hii ndiyo ingekuwa bora, maana ndiyo inayokaribia kile kinachokula dawa. Shida ni kupima. Mashine ya DEXA, ile waliyotumia Pisa, mgonjwa wa kawaida wa hapa hatapelekwa kwa ajili ya kidonge. Kwa hiyo watu hutumia kanuni. Ya Boer, ya mwaka 1984, kwa mwanamke ni hivi: 0.252 mara kilo, ongeza 0.473 mara sentimita, toa 48.3. Kwa mwanaume: 0.407 mara kilo, ongeza 0.267 mara sentimita, toa 19.2.

Yaya anatoka na kilo 50.6 zisizo mafuta. Ndiyo, namba ileile ya Devine, kwa bahati tu, na hapa ndipo mtego ulipo. Nimemwona mtu mwenye elimu yake akichukua kilo bila mafuta na kuzizidisha kwa 1.6. Hapana. Ile 1.6 ilitungwa kwa kilo za mtu wa kawaida, mafuta yakiwemo. Ukiondoa mafuta lazima kiwango kipande. Mimi hufanya hivi, na hii ni hesabu ya kaunta yangu, si ya kitabu: namchukua yule mama wa wastani wa kilo 57. Dozi yake ni 91, kilo zake bila mafuta kwa Boer ni 40.8, kwa hiyo kila kilo isiyo mafuta inakula kama 2.2 na kitu. Nikirudi kwa yaya na kiwango hicho napata 113.

Sasa zitazame namba za yaya zikiwa pamoja, na upande wa kulia nimegeuza kuwa vidonge vya 100 kwa wiki nzima, maana ndivyo mtu anavyovishika mkononi:

| Njia | Mikrogramu kwa siku | Vidonge vya 100 kwa wiki |
|---|---|---|
| Mizani × 1.6 | 154 | karibu 11 |
| Uzito wa urefu (Devine) | 81 | 5 na nusu hivi |
| Kanuni ya IMC | 138 | 9 na nusu |
| Uzito bila mafuta (Boer) | 113 | 8 |

Mwanamke mmoja, mwili mmoja, na kati ya jibu la chini na la juu kuna karibu mara mbili. Dokta mwingine tuliyemwendea alimshusha hadi 125, na baada ya wiki nane TSH ikasoma 1.9. Mimi niliyekuwa nimemshabikia Boer nilikosa kwa mikrogramu 12, kanuni ya IMC ikakosa kwa 13 upande wa pili. Tukatoka sare. Iliyoshindwa vibaya ni ile ya kwanza, na ile ya pili ikashindwa vibaya zaidi.

Mizani za umeme na maji yaliyojificha

Siku hizi kuna mizani za miguu mitupu zinazokuandikia asilimia ya mafuta, na kuna vyumba vya mazoezi vilivyo nazo. Zinapitisha umeme mdogo mwilini na kukisia. Kwa mtu mwenye afya zinakupa picha. Kwa mtu ambaye tiroidi yake imepungua, usiziamini kabla hajatibiwa. Upungufu wa homoni hii huvuta maji na chumvi mwilini, uso na miguu hujaa, na umeme ukipita kwenye maji, mashine inaandika "si mafuta". Utaona misuli ambayo haipo. Rudi upime baada ya miezi mitatu minne ya dawa, kilo za maji zikiwa zimekwisha kuondoka.

Maji hayohayo ndiyo yanayowadanganya wanaokuja kununua levotiroksini ili wakonde. Wanakuja, wengi wao vijana, na mimi siwauzii. Mgonjwa wa kweli anapotibiwa hupungua, lakini kwa kawaida ni chini ya sehemu ya kumi ya uzito wake, na kinachoondoka zaidi ni maji. Mzima anayeimeza ili akonde anacheza na mapigo ya moyo na mifupa yake. Kuna na upande wa pili wa jambo hilo: unene wenyewe unaweza kuipandisha TSH kidogo. Mama wa kilo 100 aliyepata 5.2 mara moja asikimbilie kuambiwa tezi imekufa. Apime tena, pamoja na T4.

Mzee mwembamba, ambaye kanuni zote zinamkosea

Nilisema kanuni ya IMC naipenda. Basi nimlete mzee wa miaka 74, sentimita 165, kilo 50. Alikuwa fundi mwashi, sasa mikono imebaki mifupa na ngozi. Mizani inamwambia 80. Kanuni ya IMC inamwona mwembamba (18.4), inampandishia kiwango hadi 1.8, anapata 90. Devine anamwona angepaswa kuwa na kilo 61.5, anampa 98. Angalia mwelekeo: kadiri misuli yake ilivyokwisha, ndivyo zile kanuni "za kisasa" zinavyompa dawa nyingi kuliko mizani! Zinadhani wembamba ni misuli bila mafuta, kumbe kwa mzee wembamba mara nyingi ni misuli iliyoliwa. Na uzee wenyewe hupunguza kasi ambayo mwili unaitumia T4.

Kwa mtu kama huyu, na kwa yeyote mwenye ugonjwa wa moyo awe mnene au mwembamba, funga kikokotoo. Njia ya tano ni kuanza na 25, au hata 12.5, na kupanda kwa hatua ya 12.5 au 25 kila wiki sita hadi nane. Mzee wetu alitulia kwenye 50, TSH 4.6, na dokta akaiacha hapo. Kwa watu wa miaka 70 hadi 80, TSH ya kati ya 4 na 6 inakubalika. Ambacho hakikubaliki ni moyo kuanza kudunda bila mpangilio kwa sababu mtu alitaka namba nzuri kwenye karatasi ya labo.

Kama unataka kujua misuli ya mzee wako bila mashine, chukua ile futi ya fundi uzungushe kwenye shavu la mguu, pale palipo pana zaidi. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imepungua. Mwambie dokta namba hiyo.

Sasa uchague ipi

Mwili wa wastani, IMC kati ya 19 na 25 hivi, tezi yote imetolewa, moyo mzima: mizani mara 1.6, usijisumbue. Hapo njia zote, isipokuwa ya Devine kwa baadhi ya watu, zinakutana karibu mahali pamoja.

Ukizidi IMC ya 30, mimi ningefanya mbili, ya IMC na ya Boer, halafu nianzie katikati au kwenye ile ya chini. Ndivyo ningemfanyia yaya leo: 113 na 138, anzia 112.5 au 125. Kati ya 25 na 30 tofauti ni ndogo mno kupotezea usingizi. Kosa la mikrogramu 12 litarekebishwa na TSH ya kwanza.

Mbeba mizigo, mchimbaji, mcheza mpira, mtu ambaye kilo zake ni nyama: fuata mizani kamili, hata IMC ikisema amezidi. Yule mama wa makala wa kilo 70, ambaye tezi yake ilikuwa imekufa yenyewe, alipewa 100 sawa na mama wa vitenge aliyepasuliwa. Boer angewapa wote wawili 98 au 99. Mama wa vitenge akatulia. Mama wa makala TSH yake ikabaki 9, na mwishowe alitulia kwenye 125. Siwezi kuapa kwamba ni misuli peke yake, lakini mashavu yale ya miguu nilikuwa nimeyaona.

Kwa mjamzito, achana na mjadala wote huu wa mafuta. Mahitaji yake yanapanda kwa robo au zaidi mapema sana, na desturi ni kuongeza vidonge viwili kwa wiki mara tu anapojijua ana mimba, huku akienda kwa dokta. TSH hupimwa kila wiki nne hadi katikati ya mimba. Anayetibiwa saratani ya tiroidi naye ana lengo lake la TSH, ambalo linaweza kuwa chini ya la wengine. Huyo amsikilize bingwa wake, wala asijilinganishe na jirani.

Kabla ya kulaumu uzito

Nusu ya watu wanaoniambia "dozi hainitoshi, nimenenepa" ninawauliza kitu kimoja: unakimeza na nini? Na chai ya maziwa. Na uji wa soya. Na vidonge vya damu walivyopewa kliniki. Hapo kilo hazina kosa. Levotiroksini inamezwa tumbo tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula chochote. Madini ya chuma na kalisi yakae mbali kwa saa nne. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazoli nazo zinaweza kuizuia isiingie vizuri. Ukipandishiwa dozi kwa sababu ya uji, siku utakayoacha uji utazidiwa.

Soma pia boksi. Moja limeandikwa 100 µg, jingine 0,1 mg, na ni kitu kilekile. Kuna baba aliyekuwa na boksi la 50 na la 0,1 mezani, akala la 0,1 akidhani ndilo dogo.

Na subira. T4 inakaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huchukua siku 7 hivi kuondoka, kwa hiyo ukibadilisha dozi leo, ukweli wake utauona kwenye labo baada ya wiki sita, si wiki ijayo. Muda huohuo mrefu una faida: huhitaji kukata kidonge vipande vinne ili upate 125. Leo kimoja cha 100, kesho kimoja na nusu, mwili unajumlisha wenyewe. Ni mradi dokta wako aidhinishe na uwe na kalenda ukutani.

Yaya hakunisikia mapema. Alikuwa akikata robo kwa wembe juu ya kifuniko cha sufuria, unga ukiruka, robo moja kubwa na nyingine ndogo. Tangu mwaka uliopita ameshuka hadi kilo 87, kwa kutembea kwenda sokoni na kurudi badala ya kupanda pikipiki, na akaja akiwa ameamua kwamba sasa dozi lazima ishuke pia. Tukapima kwanza. TSH 1.7. Kilichoondoka ni mafuta, na mafuta hayakuwa yakila mengi, kwa hiyo 125 imebaki pale pale. Amekasirika kidogo. Robo zake bado amezihifadhi kwenye kopo la Blue Band, juu ya kabati la jikoni, pale mvuke wa sombe unapopanda kila jioni. Nimemwambia azitupe: kidonge hiki hakipendi mwanga wala unyevu, na kilichokatwa ndicho kinachoharibika kwanza.